Verna Noske Aomba Lifti

Kwa miezi minane Verna Noske alikuwa akichagua wageni kwa viti. Gari likiingia uani, yeye husimama barazani na aproni yake na kusikiliza milango. Ikifunguka minne, ni familia, hakuna nafasi. Ikifunguka miwili, ni mke na mume, na kwa kawaida kiti cha nyuma kimejaa mahema, makopo na mitungi ya maji mpaka darini. Verna alikuwa anangoja gari litakalofungua mlango mmoja.

Wageni hawakulijua hilo. Wao walimwona mama wa miaka hamsini na tisa, mchangamfu, anayewaonyesha vyumba katika bweni la zamani la wakata manyoya ya kondoo, anayewaambia chakula ni saa kumi na mbili na nusu na bomba la kushoto ndilo la maji ya moto. Walikuwa wamekula vumbi siku nzima. Walikaa mezani wakala nyama ya kuoka, viazi na mchuzi mzito, wakasema hawajapata kuona nyota nyingi namna hii, na kesho yake kufika saa mbili wameshaondoka. Verna alibaki akivua mashuka. Kila siku ya Mungu kulikuwa na watu walioondoka ranchi ya Wirrakoo, na kila siku yeye alikuwa ndiye anayewapungia mkono.

Alifika pale ana miaka ishirini na tatu, kutoka jiji la Adelaide, kuwafundisha watoto wa mwenye ranchi kwa mwaka mmoja. Mwenye ranchi alikuwa na mdogo wake, Clarrie, mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Verna akaolewa naye, na mwaka ukawa miaka thelathini na sita. Wakazaa watoto wawili, wakawapeleka shule ya bweni walipofika miaka kumi na miwili kama wanavyofanya watu wa huko, na watoto hawakurudi tena ila kwa Krismasi. Ukame ulipowalazimisha kuuza ng'ombe, Verna ndiye aliyesema, tuna bweni tupu na barabara imejaa wazururaji wa mjini, tuwalaze. Clarrie hakupenda, lakini hakukataa.

Ugonjwa wa Verna ulianzia katikati ya jicho. Alipomtazama mtu usoni, uso ulikuwa na wingu, na masikio yakaonekana vizuri. Mistari ya kitabu ikapinda. Mwaka jana waliposhuka mji wa Port Augusta kununua pampu, Clarrie alibaki kwenye gari, yeye akaingia kwa daktari wa macho. Daktari, mwanamke kijana, alimwambia bila kuzunguka: kuendesha gari basi, kuanzia leo. Sindano ndani ya jicho kila mwezi, na mapema, kwa sababu kinachopotea hakirudi. Tutakuandikia barua ya tarehe.

Aliporudi garini Clarrie aliuliza, "Wamesemaje?"

"Miwani inataka kubadilishwa. Wataandika."

Hakujua mwenyewe kwa nini alisema hivyo. Pengine kwa sababu Clarrie alikuwa tayari amewasha injini. Alijisemea barua ikija atamweleza yote. Ndege ya posta ilitua kila Jumatatu, Clarrie akachukua mfuko, akakaa mezani akapanga karatasi. Verna akiwa kwenye sinki humuuliza, "Yangu haipo?"

"Bili. Na gazeti la mifugo."

Akawaza kwamba foleni ya hospitali ni ndefu, kwamba wamemsahau. Simu aliipiga mara moja. Sauti ya mashine ikamwambia abonyeze namba hii na ile, na namba kwenye simu yake hakuziona. Miezi ikaenda. Akahesabu hatua kutoka jikoni hadi chumba baridi cha kuhifadhia nyama, kumi na nne. Akajifunza chumvi kwa uzito wa kopo. Kumwomba Clarrie ampeleke mjini kulikuwa kumwomba aache visima siku nne, na kila alipofungua mdomo kulikuwa na pampu iliyokufa mahali fulani. Lami ilikuwa kilomita mia mbili na kumi kutoka langoni. Mtu asiyeona barabara hawezi hata kufika langoni.

Mlango mmoja ulifunguka Jumanne moja ya mwezi wa pili, wakati wa joto, msimu ambao wageni wenye akili hawaji.

"Habari ya hapa, bibie," sauti nzito ya mwanamke ilisema. "Naitwa Bronwyn Tuckwell. Nina joto, nanuka, na nimegombana na ramani."

Alikuwa na miaka sitini na minne, dereva mstaafu wa basi la shule huko Ballarat, anazunguka jangwani peke yake kwenye Landkruza kuukuu. Verna alimkaribisha chai, akamwacha amalize kikombe cha pili, kisha akasema maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi miezi minane, na yote yakatoka kwa mpigo mmoja.

"Unaelekea kusini? Kiti chako cha mbele kina mtu?"

Bronwyn alimtazama. "Kina mfuko wa karanga. Unashukia wapi?"

"Port Augusta. Macho."

"Mumeo hana gari?"

"Analo. Yuko Kisima cha Kaskazini tangu jana, anatengeneza pampu. Nitampigia simu nikishafika."

Bronwyn alisukuma kikombe kando. "Mwenzangu, mimi nimebeba watoto wa watu miaka ishirini na sita. Mke wa mtu bado."

"Mke wa mtu anajibeba mwenyewe," Verna alisema. "Wewe unaendesha tu."

Wakakubaliana saa moja asubuhi. Verna akafunga begi, nguo za wiki mbili na kadi ya bima.

Mvua ilianza jioni ile ile, kabla hawajakaa mezani. Watu wa nchi ile hukaa miaka mitatu wakiiomba mvua, na Verna alikaa barazani akiichukia. Ilinyesha Jumatano na Alhamisi kutwa. Kulipokucha Ijumaa nyumba ilikuwa kisiwa. Udongo mwekundu uligeuka uji, na kiwanja cha ndege kikawa ziwa lenye bata. Redio ikatangaza kwamba barabara zote za kaskazini zimefungwa, na atakayepita atapigwa faini. Bronwyn alijaribu hata hivyo. Alikwenda mita mia tatu, Landkruza ikaketi kwenye tope hadi ekseli, akarudi kwa miguu kila buti moja na kilo tano za udongo.

"Siku ngapi?" aliuliza, akikwangua tope kwa kisu cha jikoni.

"Isiponyesha tena, kumi. Ikinyesha, usiulize."

"Siku kumi. Sigara zangu za siku mbili."

Clarrie naye alikuwa amenaswa upande wake, kwenye kibanda cha kisima kilomita arobaini na tano kaskazini, na mbwa, maharage ya kopo na godoro. Kila jioni saa kumi na mbili ranchi zote za eneo lile ziliitana kwa redio ya upepo, kila mtu akimaliza zamu yake kwa neno "ova". Chaneli ilikuwa moja na masikio mengi; hakuna aliyezima redio saa hiyo hata kama hana la kusema, kwa sababu ndiyo ilikuwa burudani yenyewe.

"Wirrakoo, Wirrakoo, hapa Kisima. Uko salama, Vee? Ova."

"Salama. Maji yamefika ngazi ya pili. Una chakula? Ova."

"Maharage. Mbwa ananuka kuliko mimi. Ova."

Hapo sauti ya jirani, Hec Cramond wa ranchi ya Tilparra, huingia bila kualikwa. "Mzee Clarrie, hilo la mbwa tupate ushahidi wa mbwa mwenyewe. Ova."

Watu walicheka katika nyumba tano zilizo mbali kuliko mji na mji. Verna alirudisha kipaza sauti kwenye ndoano. Bronwyn alikuwa amekaa juu ya meza, miguu ikining'inia.

"Mwambie."

"Mbele ya nchi nzima?"

"Basi usimwambie. Mimi napiga kelele tu, sina sigara."

Siku zikawa moja. Walipika, wakakausha mashuka ambayo hayakukauka, wakacheza karata mpaka Bronwyn akagundua kwamba mwenzake anazipindisha karata pembeni ya jicho kama kuku anayetazama punje.

"Weka chini hizo," alisema. Akashika kijiko mbele ya uso wa Verna. "Nimeshika nini?"

"Mkono."

"Na ndani ya mkono?"

Verna alianza kukusanya karata. Bronwyn aliweka kijiko mezani taratibu. Tangu hapo hakuuliza tena kitu kuhusu macho, ila alianza kusema anapoingia chumbani, "Ni mimi, niko mlangoni," na Verna alitaka kumchukia kwa huruma ile akashindwa. Alichochukia ni kuta. Miaka yote nyumba ile ilikuwa na upeo wa macho pande zote, mtu unaweza kujidanganya kwamba unaweza kutembea popote. Sasa kulikuwa na maji hadi ngazini na wingu katikati ya kila alichokitazama. Alitembea barazani, hatua ishirini na mbili kwenda, ishirini na mbili kurudi, siku nzima, mpaka Bronwyn akamwomba kwa upole aketi kabla mbao hazijatoboka.

Siku ya sita taa zilizimika upande wa jikoni.

"Fyuzi ziko wapi?"

"Ofisini kwa Clarrie. Droo ya chini, kulia. Au kushoto."

Bronwyn alikawia. Aliporudi hakuwa na fyuzi. Alisimama mlangoni, hakusema ni yeye, na Verna akajua tu kwa pumzi kwamba kuna jambo.

"Verna. Una barua tatu hapa. Zina jina lako. Zimefunguliwa."

"Za nini?"

"Za hospitali. Kliniki ya macho."

Verna alivuta kiti akaketi. "Nisomee."

Ya kwanza ilikuwa ya mwezi wa saba: tarehe, saa, na maelezo kwamba asile kitu kizito. Ya pili ilikuwa ya mwezi wa nane: hukufika, tumekupa tarehe nyingine. Ya tatu ilisema kwamba akikosa tena jina litatolewa kwenye orodha, na chini daktari yule kijana alikuwa ameandika kwa mkono, Bibi Noske, jicho hili halitatungoja, tafadhali njoo. Bronwyn alisoma kwa sauti ya kutangaza vituo, bila kupanda wala kushuka. Akasoma tena ya tatu alipoombwa.

"Hiyo ya mwisho imeandikwa lini?"

"Mwezi wa kumi, tarehe mbili."

Sasa ulikuwa mwezi wa pili. Verna alikunja aproni magotini, akaikunjua, akaikunja. Alikuwa akimkumbuka Clarrie mezani na mfuko wa posta, mgongo wake mrefu, sauti yake ya kawaida kabisa. Bili. Na gazeti la mifugo.

Jioni ile aliwahi kwenye redio. Ilipofika saa kumi na mbili hakungoja kuitwa.

"Kisima, hapa Wirrakoo. Clarrie, unanisikia? Ova."

"Nakusikia, Vee. Ova."

"Kuna barua zangu tatu kwenye droo yako. Za macho. Mgeni amenisomea. Ova."

Redio ilikoroma. Hakuna aliyeingilia. Verna aliwasikia wote kwa namna walivyonyamaza. Tilparra, na wale wa mtoni, na mama wa ranchi ya mashariki ambaye hakosi neno. Mwishowe sauti ya Clarrie ikaja, ndogo.

"Tutaongea nikifika. Ova."

"Ukifika sitakuwepo. Jicho la kushoto limekwisha, Clarrie. La kulia bado kidogo. Siendeshi gari tangu mwaka jana, na sikukwambia, hilo ni kosa langu. Barua ni kosa lako. Nilikuwa naondoka na mgeni Jumatano, mvua ikanizuia. Nasema hapa ili kila mtu asikie, maana nikisema peke yangu nitanyamaza tena. Ova."

Akaachia kitufe. Shingo ilikuwa imemwiva kwa aibu. Bronwyn alikuwa dirishani, amempa mgongo.

Aliyejibu hakuwa Clarrie. "Verna, Hec hapa." Hakukuwa na mzaha wowote kwenye sauti ile. "Ile helikopta yangu ya kuswagia ng'ombe ina viti viwili. Lori la posta lililokwama pale hotelini kwenye barabara ya lami limesharuhusiwa kwenda kusini, litakufikisha mjini. Mawingu yakinyanyuka asubuhi nakuja. Miezi yote hii, mama, si ungesema tu? Ova."

Verna alisema asante, ova. Swali hilo ndilo lililomliza baadaye jikoni, si barua. Miezi minane alisikiliza milango ya magari ya wageni, na mtu mwenye helikopta alikuwa akipiga soga naye kila jioni.

Hec alikuja saa tatu asubuhi, akatua kwenye mwinuko nyuma ya zizi. Ndipo Bronwyn alipoelewa hali yake.

"Viti viwili," alisema. "Yeye na wewe. Na mimi?"

"Ufunguo wa chumba baridi uko kwenye msumari. Clarrie atarudi na trekta tope likikauka. Mpe chochote isipokuwa maharage."

"Mimi ni mteja hapa, Verna. Nimelipa."

Verna alimshika mabega yote mawili, akamgeuza kidogo ili amwone kwa pembe ya jicho: nywele fupi za kijivu, sikio kubwa lenye hereni. "Nilikuomba lifti," alisema. "Sikutaka kukuachia nyumba."

"Nenda zako. Ukibaki utanikosesha la kulalamikia."

Waliruka. Chini kulikuwa na maji yaliyong'aa pande zote, na Verna aliyaona kama mtu anavyoona kitu kwenye kona ya chumba. Hec alipiga kelele kupitia kipaza sauti cha kofia. "Kisima hakiko mbali, tukizunguka kwanza kaskazini. Nishuke, au nipite?"

Ilibidi Hec aulize mara ya pili.

"Shuka."

Clarrie alikuwa nje ya kibanda, ndevu za wiki nzima, shati limefungwa vifungo vyote kana kwamba anangoja mgeni. Hec alizima injini akaenda kumtazama mbwa.

"Umekuja," Clarrie alisema.

"Napita. Ulizisoma zote tatu?"

"Nilizisoma."

"Ukaniambia ni bili."

"Nikakuambia ni bili."

"Kwa nini?"

Clarrie alifungua kifungo cha juu cha shati. "Ya kwanza niliisahau mfukoni. Kweli. Ilipokuja ya pili nikaona nikikupa itabidi nieleze ya kwanza. Halafu nikaanza kupiga hesabu. Kila mwezi, siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Nikasema mwezi wa tatu atasema bora apange chumba mjini. Na akishapanga chumba..."

"Malizia."

"Mama yangu alikwenda mjini kung'oa jino, Vee. Akakaa miaka kumi na mmoja."

Verna hakuwahi kuisikia habari hiyo. Aliambiwa tu kwamba mama mkwe alipendelea bahari. Alisogea karibu, akageuza uso pembeni ili amwone. Akaona sikio lililobabuka kwa jua, kola, bega. Kama angeweza kuuona uso wake mzima pengine angesema jambo jingine.

"Sikuwa na macho mengine ya kusomea ila yako," alisema.

Clarrie alimshika mkono. Alimsaidia kupanda helikopta, akamkaza mkanda, akaukagua mara mbili kama alivyokuwa akifanya kwa watoto. Kisha akarudi nyuma na kuishika kofia yake kwa sababu ya upepo wa pangaboi.

Huko Port Augusta daktari yule kijana hakumgombeza. Alisema jicho la kushoto limebakia na ukingo tu, la kulia wanaweza kulishika pale lilipo. Sindano haikuwa na uchungu kama alivyoogopa. Verna alipanga chumba nyuma ya nyumba ya dada yake Hec, mtaa wenye malori yanayonguruma kuanzia alfajiri, na kwa wiki kadhaa alilala mchana kwa kuchoka na kelele. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa matofali. Kuna siku alikaa kitandani akajiuliza kama amevuka kilomita zote zile kuhama boksi moja kuingia jingine. Lakini duka lilikuwa mwendo wa dakika sita, basi la hospitali lilisimama kwenye kona, na dereva, akishamzoea, alikuwa akiteremka kumpa mkono. Hakuhitaji kumwomba mtu.

Bronwyn alikaa Wirrakoo siku kumi na tatu. Alipopita Port Augusta alimletea Verna nguo zake za baridi na habari: Clarrie alirudi na trekta siku ya tisa, akasema habari yako, akala mayai sita, na hakusema neno jingine mpaka kesho yake. Kisha akauliza kama mkewe alibeba koti. "Nilimwambia maneno mabaya," Bronwyn alisema. "Mengine ya kwenye basi kabisa. Akanishukuru. Ningefanya nini?"

Clarrie aliondoa kibao cha wageni barabarani majira ya baridi. Huja mjini mara moja kwa mwezi, hukaa naye siku mbili, humsomea barua zake zote, pamoja na matangazo ya mazulia, neno kwa neno, na humkabidhi kila bahasha mkononi. Verna huziacha zisomwe. Bado hupeleka zile za hospitali kwa dada yake Hec, azisome mara ya pili, na Clarrie anajua.

Mwezi wa saba alikwenda Wirrakoo kwa ndege ya posta, akakaa Jumatatu hadi Jumatatu. Kabla ya kupanda alimwambia rubani mara mbili asisahau siku ya kumchukua. Clarrie alikuwa amepaka rangi baraza na kununua redio mpya. Walikula, wakatembea hadi zizini wakiwa wameshikana mikono kwa sababu ya mashimo. Siku ya tano Clarrie alimwuliza, akitazama kwingine, kama angekaa wiki moja zaidi.

"Hapana," alisema.

"Kuna kitu hukipendi?"

"Hapana, Clarrie. Pako vizuri."

Jumatatu alikuwa kiwanjani saa nzima kabla ya wakati, amekaa juu ya begi lake kwenye jua, anasikiliza.